Huamini Mungu na kikao kinaanza kwa maombi? Fanya hivi

Hapa Kenya karibu kila kikao kinaanza na maombi, iwe chama, harambee ama mkutano wa wazazi shuleni, na kama huamini basi shida yako si maombi yenyewe, ni kutazamwa. Tulia. Wakisimama simama, macho si lazima ufumbe, angalia viatu vyako tu, atakayekuona ni yule ambaye pia hajafumba hehe.

Pagumu ni ukiambiwa ghafla "hebu tuombee". Mimi husema "mzee, siwezi kukutangulia", mzee anafurahi, anaomba dakika kumi chai ikipoa. Usianze kujieleza hapo hapo, hasa matangani, mfiwa hana haja ya mjadala.

Mahakamani ni tofauti, mwambie karani mapema hutaapa kwa Biblia wala Kurani, sheria inakuruhusu kuthibitisha bila kumtaja Mungu na ushahidi wako una uzito uleule. Kazini bosi akilazimisha ibada ya asubuhi, mwonyeshe kifungu cha 32 cha Katiba ya 2010, hakuna kumlazimisha mtu kufanya jambo linalopingana na imani yake, na cha 8 kinasema hakuna dini ya taifa. Lakini mwonyeshe kwa upole, kesho bado ni bosi wako.

Na wimbo wa taifa je, si ni dua tangu neno la kwanza? Mimi naimba tu, tuni yenyewe ilitoka kwa Wapokomo wakibembeleza watoto walale.