Gasketi ya Hedi kwenye Busti Kubwa: Tafuta Noki Kwanza

Niliua gasketi tatu za hedi, yaani kizibo kinachokaa kati ya hedi (kifuniko cha juu cha silinda) na bloku, kwenye injini moja kabla sijapata akili. Ilikuwa ya silinda nne, lita 2, kipenyo cha silinda milimita 86, na busti, presha ya hewa ambayo turbo inaisukuma ndani ya injini, nilikuwa nimeipandisha hadi bar 1.6. Gasketi ya kwanza ilikuwa ya kiwandani, nikasema hiyo laini mno. Nikaweka ya chuma yenye tabaka kadhaa, nayo ikaenda. Nikafunga stadi ngumu (vyuma vya nyuzi vinavyobana hedi kwenye bloku kwa nati) pamoja na gasketi nyingine ya chuma, nikajisifu. Ya tatu ilipokwenda iliondoka na ukingo wa pistoni.

Hapo ndipo nilipokaa chini nikazitazama plagi kwa lenzi, jambo nililopaswa kulifanya tangu siku ya kwanza. Kwenye kauri nyeupe ya plagi ya silinda ya 3 kulikuwa na vitone vidogo vinavyong'aa. Hiyo ni alumini ya pistoni. Injini ilikuwa ikinoki, yaani mchanganyiko wa hewa na mafuta ulikuwa ukilipuka wenyewe ndani ya silinda, na mimi nilikuwa nabadilisha gasketi kama mtu anayebadilisha kitasa huku mwizi anaingilia dirishani.

Kwa hiyo gasketi ikikuunguzia, usiulize kwanza ununue ipi. Uliza nini kiliinua hedi.

Piga hesabu. Silinda ya milimita 86 ina eneo la sentimita za mraba 58 hivi. Presha ndani yake ikifika bar 100, na kwa injini ya turbo inayosukuma kwa nguvu hilo si ajabu, hedi inasukumwa juu kwa uzito wa karibu tani 6, kila silinda inapowaka. Stadi zikifungwa vizuri zinaubeba mzigo huo, kwa sababu presha inapanda kwa mpangilio. Noki haina mpangilio. Mchanganyiko uliobaki pembeni unalipuka wenyewe kabla mwali wa plagi haujaufikia, presha inaruka ghafla, na hedi inapigwa nyundo. Gasketi inapoteza mshiko kwa nukta moja tu ya sekunde, gesi ya moto inapenya, na kuanzia hapo inajichimbia njia.

Kwangu chanzo kilikuwa pampu ya mafuta. Regyuleta (vidhibiti vya presha ya mafuta) nyingi za injini za turbo hupandisha presha ya mafuta sambamba na busti: ukianza na bar 3, kwenye busti ya 1.6 geji ya reli ya injekta inapaswa kusoma 4.6. Yangu ilifika 4.6 vizuri, kisha juu ya mizunguko 5,500 kwa dakika ikaanza kuteremka wakati busti imesimama palepale. Silinda zinapata hewa nyingi na mafuta haba. Funga geji au sensa ya presha ya mafuta, rekodi mwendo mzima hadi juu kabisa, usiridhike na kusoma injini ikiwa imesimama inanguruma. Kwa petroli kwenye busti kamili mimi nataka lamda (kipimo cha hewa dhidi ya mafuta; ikiwa chini ya 1, mafuta ni mengi) kati ya 0.78 na 0.82. Fundi mwingine atakupa namba yake, lakini asikwambie 0.90.

Taimingi, yaani wakati plagi inapotoa cheche, ndiyo ndugu wa tatizo hilo. Digrii mbili unazoziongeza ili upate nguvu kidogo zaidi zinapandisha presha ya kilele kuliko unavyodhani. Rudisha taimingi nyuma ili cheche ichelewe, ongeza busti polepole, sikiliza noki kwa vipokea sauti vilivyounganishwa na sensa kwenye bloku. Masikio matupu hayatoshi. Turbo inapopuliza na egzosi kubwa inapiga kelele, utasikia noki baada ya kuchelewa.

Hewa pia. Kuibana hadi busti ya bar 1.6 kunaitoa kwenye turbo ikiwa na zaidi ya nyuzi 140 za Selsiasi. Intakula, kipoza hewa kinachofuata baada ya turbo, ikiwa ndogo, au imejaa oili na vumbi, hewa hiyo inaingia ingali moto na kualika noki. Weka sensa ya joto baada ya intakula, na iambie kompyuta ya injini irudishe taimingi kadiri joto linavyopanda. Plagi ziwe baridi, yaani zinazotoa joto lake haraka, kwa daraja moja au mawili kuliko za kiwandani.

Kosa jingine ni la dereva. Usikanyage hadi mwisho kwenye gia ya juu injini ikiwa mizunguko 2,500, hasa kama turbo yako inaamka mapema. Pistoni inakwenda taratibu, mchanganyiko una muda mrefu wa kupikika, na presha inakuwa kubwa kupita kiasi. Nimeona injini zilizovumilia mizunguko 8,000 miaka mingi zikafa kwa mtindo huu.

Noki ikishaisha, sasa fungua sanduku la spana.

Gasketi ya chuma ya tabaka nyingi ndiyo ninayoweka karibu kila mahali, lakini ina maringo: inataka uso laini. Mwambie mchongaji unataka ukwaruzo wa mikroni 0.8 au chini yake, kwenye hedi na kwenye bloku pia. Watu wengi wanachonga hedi peke yake, bloku wanaifuta kwa kitambaa. Kisha pima mwenyewe kwa rula ya chuma iliyonyooka na fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi): urefu, upana, na kona kwa kona. Fila ya milimita 0.05 ikipita, rudisha kazi. Na tafadhali usisafishe bloku kwa kile kidude cha msasa kinachozungushwa kwa mashine. Kinachimba mabonde usiyoyaona, na unga wake unaingia kwenye oili na kula beringi.

Usishawishike kuweka gasketi nene ili kupunguza mkandamizo. Nafasi kati ya pistoni na hedi ikiongezeka, mchanganyiko wa pembeni hausukumwi tena katikati, na noki inaongezeka. Mkandamizo hupunguzwa kwa pistoni.

Stadi ziingize kwenye bloku kwa mkono tu. Kabla ya hapo safisha nyuzi za matundu na uyapulize kwa hewa. Tundu lisilotoboka likibaki na oili au maji, stadi inayashindilia na bloku inaweza kupasuka. Tundu linalofika kwenye njia ya maji lipakwe dawa ya kuziba nyuzi. Halafu jambo linalodharauliwa kuliko yote: grisi. Karibu asilimia 90 ya nguvu unayoiweka kwenye spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) inaishia kwenye msuguano wa nyuzi na wa chini ya nati. Kidogo kinachobaki ndicho kinachobana hedi. Ukibadilisha kilainishi umebadilisha mbano, hata kama spana imelia kwenye namba ileile. Tumia kilainishi na namba za mtengenezaji wa stadi, si za kitabu cha gari. Funga kwa hatua tatu, kuanzia katikati kwenda nje. Bolti za kiwandani zinazovutwa hadi kunyumbuka hazirudishwi mara ya pili. Na usiongeze toki "kidogo kwa usalama": silinda inapoteza uduara wake.

Kama bloku yako ina silinda zilizosimama peke yake juu, zimezungukwa na maji bila kushikwa, ujue kwamba kwenye busti kubwa vichwa vyake vinatikisika na kuisugua gasketi. Hapo stadi hazisaidii; unahitaji sleeve (kuta za silinda za kupachikwa) imara au bloku iliyofungwa juu. Gasketi ya shaba yenye waya wa duara nawaachia wa mbio fupi: inashika moto vizuri, maji inayavujisha, na inadai kukazwa tena.

Baada ya kufunga, toa hewa yote kwenye maji. Kiputo cha hewa kilichonaswa ndani ya hedi kinaunda sehemu ya moto mkali, na noki inaanzia hapo. Washa hadi ipate joto, iache ipoe kabisa, ongeza maji. Anza na bar 0.5, panda kwa 0.2, na kila ukipanda toa plagi uangalie vitone.

Halafu kila asubuhi, kabla ya kuwasha, bonyeza mpira wa juu wa radieta. Injini baridi na mpira mgumu ni gesi ya silinda imeshapenya usiku uliopita. Oili itakuwa bado safi, moshi mweupe haupo, geji ya joto imetulia. Kinachofuata ni maji kutemwa kwenye chupa kila unapopata busti. Ukiona hivyo, shusha busti siku hiyohiyo, na anza na plagi ya silinda inayopata hewa ya moto zaidi.