Kuingiza rekodi za chaneli nyingi bila kupoteza majina wala saa

Kadi ikitoka kwenye kinasa sauti, kwanza nasukuma kile kitufe kidogo cha kufunga kilicho ubavuni mwake, ili kompyuta isiweze kuandika chochote ndani. Halafu nanakili folda nzima kwenye diski mbili na kulinganisha namba za MD5 (alama ya utambulisho inayokokotolewa kutoka ndani ya faili) za nakala na za asili. Kabla hapo hakuna kufungua faili, hata kwa kuonja sauti tu.

Ukali huu nimeupata kwa machungu. Niliwahi kupokea mazungumzo ya watu sita, kila mmoja na maikrofoni yake. Kabla hazijanifikia, mtu alikuwa amezifungua faili hizo kwenye programu nyepesi, akapunguza kelele, akazihifadhi kwa majina yaleyale. Sauti ilikuwa nzima. Lakini majina ya treki, yaani mikondo ya sauti ya kila maikrofoni, yalifutika na saa ya kuanzia ikawa sifuri kwa kila faili. Nilikaa siku mbili nikiangalia midomo kwenye picha, nikitafuta nani ni nani.

Kilichopotea siku ile hukaa katika visanduku viwili ndani ya faili. Vinasa sauti vya kazi huandika WAV ya aina ya BWF, iliyoanzishwa na umoja wa watangazaji wa Ulaya, EBU, mwaka 1997. Kisanduku cha kwanza, bext, kina tarehe, maelezo mafupi na saa ya kuanza. Cha pili, iXML, kina namba ya onyesho, namba ya teki (mara ya ngapi onyesho linarekodiwa), jina la kila treki na maneno aliyoandika mrekodi. Programu isiyovijua visanduku hivi huviacha nje inapohifadhi, na wala haikuambii.

Kwa hiyo soma kwanza, ingiza baadaye. Natumia BWF MetaEdit kutazama bext, na Wave Agent kwa majina ya treki. Zote ni za bure. Hapo angalia sana mpangilio wa chaneli. Mrekodi akiwasha njia ya 1, ya 3 na ya 5 tu, faili inakuwa na chaneli tatu, na chaneli ya tatu ndani ya faili ni njia ya 5 kwenye kinasa. Ukifuata namba ya chaneli badala ya jina, utampa mtu sauti ya mwenzake. Mara nyingi pia chaneli mbili za mwanzo ni mchanganyiko wa haraka uliofanywa palepale, si maikrofoni.

Sasa saa. Bext haiandiki saa kama tunavyoisoma, inaandika idadi ya sampuli, yaani vipimo vidogo vya sauti vinavyochukuliwa kila sekunde, tangu saa sita usiku. Ukianza kurekodi saa nne asubuhi, 10:00:00 kwa mashine, kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, utakuta namba 1,728,000,000. Faili hiyo ikibadilishwa kuwa 44,100 na namba isikokotolewe upya, itasomeka 10:53:03. Dakika hamsini na tatu zimezuka, na hakuna kitakacholingana na picha! Basi fungua mradi mpya wenye kasi ileile ya sampuli na idadi ileile ya fremu (picha) kwa sekunde kama kinasa, ndipo uingize.

Wakati wa kuingiza, usiburute faili ukaiacha popote kishale kilipo. Kwenye Reaper, programu ya kuhariri sauti, kuna amri ya kupeleka kipande mahali pake kulingana na saa ya BWF. Kwenye Pro Tools, nayo ya kuhariri sauti, tumia hali ya Spot na uchague saa ya asili. Kisha ndipo utenganishe chaneli kuwa treki moja moja. Hakikisha programu haijaichukulia faili ya chaneli sita kuwa sauti ya sinema ya 5.1, kwa sababu hapo msemaji wa nne anaweza kupelekwa kwenye spika ya besi. Rekodi za ambisoniki, yaani za sauti ya pande zote, usizitenganishe kabisa, chaneli zake nne ni kitu kimoja.

Kwa rekodi ndefu, kumbuka kikomo cha WAV ya kawaida: GB 4. Chaneli nane za biti 24 kwa 48,000 hukifikia baada ya kama dakika 62, ndipo kinasa kinakata faili au kinatumia RF64, aina ya WAV inayoruhusu faili kubwa zaidi. Vipande vilivyokatwa viingize vyote kwa saa zao, vitaungana bila mwanya. Ukiona pengo, usivisogeze kwa mkono. Rudi ukasome bext ya kipande cha pili.

Ukilazimika kupitisha faili kwenye ffmpeg, programu ya kubadilisha faili za sauti na video kwa amri za maandishi, ongeza -write_bext 1 ili bext iandikwe, na ujue kwamba iXML haitafika upande wa pili. Mimi huwa nanakili majina ya treki kwenye faili ya maandishi kabla ya hapo, moja kwa kila siku ya kurekodi.

Kabla ya kumkabidhi mwingine, toa faili moja tu ya majaribio, ifungue tena kwenye BWF MetaEdit, uiweke kando ya ile ya asili na ulinganishe namba ya sampuli tarakimu kwa tarakimu. Zikilingana, toa zilizobaki.