Ofu, Jumapili na Sikukuu: Namna Mfanyakazi wa Mgahawa Anavyoweza Kuhesabu na Kudai Malipo Yake

Wahudumu na wapishi wengi wa migahawa ya Tanzania Bara huamini kwamba anayefanya kazi Jumapili hulipwa mara mbili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haisemi hivyo. Kinacholipwa mara mbili ni kazi iliyofanyika ndani ya mapumziko yako ya wiki, yaani zile saa 24 mfululizo ambazo mwajiri anawajibika kukupa, na katika biashara ya chakula mapumziko hayo mara nyingi huangukia Jumatatu au Jumanne, wateja wanapokuwa wachache. Mwenye ofu ya Jumanne hana dai la Jumapili. Lakini akiombwa kuja Jumanne kwa sababu kuna sherehe, naye akakubali, kila saa atakayofanya italipwa mara mbili ya mshahara wake wa msingi. Zanzibar ina sheria yake ya ajira, kwa hiyo maelezo haya hayaihusu.

Anza kwa kuwa na uhakika wa kimaandishi kuhusu siku yako ya ofu. Mwajiri analazimika kukupa maelezo ya ajira yanayotaja, pamoja na mengine, saa za kazi na ujira, na iwapo shauri litafunguliwa naye akashindwa kuyatoa, mzigo wa kuthibitisha masharti hayo utakuwa wake. Hata hivyo, usitegemee hilo peke yake. Piga picha rosta kila inapobandikwa, kwa kuwa ratiba ya jikoni husahihishwa kwa kalamu katikati ya wiki na ile ya mwanzo ikatupwa. Hapa pana jambo linalowaangusha wengi: supavaiza akikuhamishia ofu kutoka Jumanne kwenda Alhamisi na ukapumzika kweli Alhamisi saa 24 kamili, dai lako ni dhaifu. Lakini kama umeambiwa tu kwamba utafidiwa siku nyingine, wiki ikaisha bila mapumziko, dai ni zito, na ile picha ndiyo ushahidi wako.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kwa wiki ya saa 45, ambayo ndiyo kikomo cha saa za kawaida, mshahara wa msingi wa mwezi hugawanywa kwa 195, idadi inayopatikana kwa kuzidisha 45 kwa 4.333. Anayepata shilingi 390,000 ana shilingi 2,000 kwa saa, hivyo saa nane za kazi siku ya ofu ni shilingi 32,000. Posho haziingizwi katika mshahara wa msingi, na bakshishi ya wateja haihesabiwi kuwa sehemu ya malipo haya, hata meneja akisema kwamba mwisho wa wiki mnapata ya kutosha mezani.

Sikukuu za kitaifa nazo hulipwa mara mbili kwa kila saa, kwa hiyo Idd ikiangukia Jumapili hata mwenye ofu ya Jumanne anastahili. Kazi inayozidi saa za kawaida hulipwa angalau mara moja na nusu, na zamu ya Jumamosi inayovuka saa mbili usiku huongezewa asilimia 5 kwa kila saa ya usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Nyongeza hii ni ndogo, shilingi 100 kwa saa katika mfano wetu, na pengine ndiyo sababu husahaulika kwenye hati za mshahara.

Ukishapata jumla, iandikie menejimenti barua yenye tarehe, saa na kiasi, ubaki na nakala iliyosainiwa kupokewa. Kama wewe ni mwanachama wa CHODAWU, chama cha wafanyakazi wa hoteli na majumbani, mpitishie kiongozi wa tawi. Usikawie kusubiri ahadi, kwa sababu mgogoro wa malipo unapaswa kufikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60 tangu ulipotokea; ukichelewa itakubidi kwanza uombe kuongezewa muda na ueleze sababu za msingi. Ukiachishwa kazi kwa kudai haki hiyo, huo ni mgogoro mwingine wenye muda wa siku 30 tu. Tume hupokea madai kwa Fomu Na. 1, nawe utatakiwa kuonyesha kwamba mwajiri amefikishiwa nakala yake, basi mpelekee ukiwa na daftari la kusaini.