Namna ya Kuutetea Ushuru wa Huduma Kabla Haujatoka Mikononi mwa Halmashauri

Diwani wa Nyamagana au wa Ilemela, mkoani Mwanza, anayetaka mapato ya ndani yabaki chini ya baraza lake badala ya kuchukuliwa na Serikali Kuu hana budi kuanza kwa kujua anatetea chanzo gani. VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ni ya Serikali Kuu na hukusanywa na Mamlaka ya Mapato (TRA), kwa hiyo haimo katika mjadala huu. Kinachokaribia kodi ya mauzo kwa upande wa halmashauri ni ushuru wa huduma, ambao Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura 290, iliuwekea kikomo cha asilimia 0.3 ya mauzo baada ya kuondoa VAT na ushuru wa bidhaa. Kwa kiwango hicho, duka la vifaa vya ujenzi lililouza kwa shilingi milioni 100 katika robo mwaka hudaiwa shilingi 300,000.

Kodi ya majengo, iliyokuwa ikikusanywa na halmashauri, ilihamishiwa TRA mwaka 2016, na tangu Julai 2021 imekuwa ikikatwa kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Mwenye nyumba wa Igoma hulipa anaponunua umeme, lakini ukimuuliza fedha yake imejenga nini mtaani, atakutazama tu. Chanzo kilichofikia hapo hakina tena mtetezi.

Kwa hiyo, hatua ya kwanza ni daftari. Mweka hazina alinganishe orodha ya wenye leseni za biashara na orodha ya wanaolipa ushuru wa huduma, kata kwa kata, kisha azifuatilie kampuni zenye makao makuu Dar es Salaam na tawi Mwanza, ili mauzo ya tawi yahesabiwe peke yake. Halmashauri isiyojua nani anaidai na nani inamdai hujitengenezea hoja ya kunyang'anywa.

Hatua ya pili, ambayo kwa maoni yangu ndiyo yenye uzito kuliko zote, ni kumfanya mlipaji awe mtetezi. Mfanyabiashara wa dagaa wa Mwaloni Kirumba hatasimama upande wa Manispaa ya Ilemela kwa sababu ya kifungu cha sheria. Atasimama iwapo mtaro unapitisha maji, taa zinawaka alfajiri, na kiasi kilichokusanywa kimebandikwa sokoni kila robo mwaka pamoja na kazi iliyofanywa. Elezeni pia kwamba ile asilimia 10 inayotengwa kwa mikopo ya vikundi, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, hutoka katika mapato hayohayo ya ndani, hivyo chanzo kikiondoka, kapu la vikundi hupungua katika kila kata.

Katika jimbo la Texas, Marekani, mji unaotaka kutenga sehemu ya kodi ya mauzo kwa maendeleo ya uchumi hutakiwa kwanza kupata idhini ya wapigakura wake. Sisi hatuna kura ya namna hiyo. Kilicho karibu nayo ni mkutano wa mtaa, na ndiyo maana mihtasari yake, ikiwa na mahudhurio na saini, iambatishwe kwenye azimio la baraza la kuutetea ushuru huo.

Azimio hilo lisingoje Juni. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na Muswada wa Sheria ya Fedha hufika bungeni wakati wengi wameshachoka na bajeti. Kwa hiyo, hoja ipite Kamati ya Fedha na baraza miezi kadhaa kabla ya Juni, ipelekwe ALAT, yaani Jumuiya ya Tawala za Mitaa, na kwa wabunge wa Mwanza, na nakala iandaliwe kwa ajili ya Kamati ya Bunge ya Bajeti itakapoita wadau.

Ikiwa pendekezo la Serikali Kuu ni kwamba TRA ikusanye kwa niaba ya halmashauri, msikubali wala kukataa kabla ya kutenganisha ukusanyaji na umiliki. Dai la chini kabisa liwe kwamba kiwango kitakachorejeshwa na siku ya mwisho ya kukirejesha viandikwe ndani ya sheria yenyewe, si katika mwongozo unaoweza kubadilishwa kwa barua.