Mbao za dari za pumba za mpunga zisizoliwa na mchwa

Kwa wanaoishi karibu na mashine za kukoboa mpunga, kama vile Kyela, Kilombero au Mwea, ambako pumba huchomwa kwa marundo, nashauri malighafi hiyo itumike kutengeneza mbao za dari zilizogandishwa kwa saruji. Pumba za mpunga zina silika nyingi (madini magumu yaliyomo pia kwenye mchanga), kiasi kwamba zikichomwa karibu asilimia 20 ya uzito wake hubaki kuwa majivu, na saruji inapozifunika pande zote mchwa hawapati cha kutafuna.

Kosa linaloharibu kazi hii mara nyingi ni kuchanganya pumba na saruji zikiwa mbichi, yaani kabla ya kulowekwa, kwa sababu sukari na vitu vingine vinavyoyeyuka kutoka kwenye mmea huzuia saruji kushika. Ziloweke kwanza katika maji ya moto au maji ya chokaa usiku kucha, zisuuze, kisha uzichuje vizuri. Kabla ya kujaza kalibu, finyanga donge dogo la mchanganyiko wa pumba na saruji. Likimomonyoka kwa vidole siku inayofuata, rudia kuloweka, maana ni heri kupoteza donge kuliko mfuko mzima wa saruji. Mbao zikishatoka kwenye kalibu zitunzwe kivulini zikiwa na unyevu, ikiwezekana kwa siku 28.

Usisahau fremu: mchwa hupita juu ya ubao wasiouweza na kuila mirunda inayoushikilia, kwa hiyo ipake dawa ya boraksi (chumvi ya madini ya boroni) ikiwa ni ya ndani, pasipofikiwa na mvua.