Jinsi ya Kusoma Takwimu za Ufaulu wa Shule ya Msingi ya Umma Nchini Marekani

Mzazi anayetafuta shule ya msingi ya umma nchini Marekani aghalabu huanza na asilimia moja tu, ile ya wanafunzi waliofikia kiwango katika kusoma na hisabati. Asilimia hiyo ni ya kweli, lakini ikisomwa peke yake humweleza zaidi watoto walioandikishwa wanatoka katika familia za aina gani kuliko inavyomweleza namna wanavyofundishwa. Kwa hiyo takwimu za ufaulu na takwimu za mgawanyo wa wanafunzi hazina budi kusomwa pamoja.

Anza na taarifa ya mwaka ya shule, ambayo hupatikana katika tovuti ya idara ya elimu ya jimbo. Sheria ya shirikisho ya mwaka 2015, iitwayo kwa kifupi ESSA, inalitaka kila jimbo liwapime watoto wa darasa la 3 hadi la 8 kila mwaka katika kusoma na hisabati, kisha litangaze matokeo ya kila shule yakiwa yamechambuliwa kwa makundi: rangi na asili, kipato cha familia, ulemavu, na watoto ambao bado wanajifunza Kiingereza. Zipo pia tovuti za watu binafsi na za wauza nyumba zinazoipa shule alama ya 1 hadi 10. Hizo zinafaa kukupatia majina ya shule za jirani, si kukuamulia.

Kabla ya kugusa asilimia yoyote, tazama ni madarasa gani yaliyopimwa. Shule yenye chekechea hadi darasa la 5 hupimwa katika madarasa matatu ya juu pekee, hivyo watoto wadogo, ambao ndio wanaofundishwa kusoma kwa mara ya kwanza, hawamo kabisa katika hesabu hiyo. Kumbuka vilevile kwamba kila jimbo hujiwekea kiwango chake cha kufaulu, na kwa sababu hiyo asilimia 60 ya jimbo moja hailinganishwi na asilimia 60 ya jimbo jingine. Mtihani wa kitaifa wa NAEP, ulioanza mwaka 1969, huwezesha kulinganisha majimbo, ila hupima sampuli ya wanafunzi na hautoi matokeo ya shule mojamoja.

Sasa fungua sehemu ya makundi, kwani hapa ndipo penye habari yenyewe. Tuchukulie shule mbili za kubuni, kila moja ikiwa na watoto 100 waliopimwa. Katika ya kwanza, watoto 80 wanatoka familia zenye uwezo na 56 kati yao wamefaulu; 20 wanatoka familia za kipato cha chini na 6 wamefaulu. Jumla ni asilimia 62. Katika ya pili, wenye uwezo ni 20 na waliofaulu ni 15, ilhali wa kipato cha chini ni 80 na waliofaulu ni 32. Jumla ni asilimia 47, na wengi wangeikimbia. Lakini kokotoa kundi kwa kundi: wenye uwezo wamefaulu kwa asilimia 70 katika shule ya kwanza na 75 katika ya pili, wa kipato cha chini wamefaulu kwa asilimia 30 na 40. Shule iliyoonekana dhaifu imefanya vizuri zaidi kwa makundi yote mawili, na kilichoishusha ni uwiano wa wanafunzi wake. Ukiwa na dakika kumi tu za kuitazama taarifa hiyo, zitumie zote hapa.

Hata hivyo, vipimo vya makundi vina mitego yake. Umaskini umezoeleka kupimwa kwa idadi ya watoto wanaostahili chakula cha mchana cha bure au cha bei nafuu, yaani wale ambao kipato cha familia zao hakizidi asilimia 185 ya mstari wa umaskini wa shirikisho. Tangu mwaka 2014, hata hivyo, shule nyingi zenye wanafunzi maskini huruhusiwa kuwalisha watoto wote bure bila kukusanya fomu, na baadhi yake huonekana kuwa na asilimia 100 ya wanafunzi maskini, jambo ambalo si lazima liwe kweli. Kundi la wanaojifunza Kiingereza nalo huelekea kuonekana chini, kwa kuwa mtoto akishakimudu hatimaye huondolewa humo na nafasi yake huchukuliwa na mgeni. Kulilaumu kwa hilo ni sawa na kulaumu wodi kwa kujaa wagonjwa.

Angalia pia ukubwa wa kundi. Katika darasa la 3 lenye watoto 50, waliofaulu wakiongezeka watano tu, asilimia ya ufaulu hupanda kwa pointi 10, na huenda hakuna kilichobadilika katika ufundishaji. Soma takwimu za angalau miaka mitatu, ukijua kwamba mwaka 2020 mitihani hiyo haikufanyika kwa sababu ya UVIKO. Ukikuta nyota au nafasi tupu badala ya namba, kundi ni dogo mno na takwimu zimefichwa ili mtoto asitambulike.

Taarifa nyingi huonyesha pia maendeleo ya mwanafunzi, yaani amesogea kiasi gani tangu mwaka uliopita akilinganishwa na wenzake walioanzia alama kama zake. Kwa maoni yangu kipimo hiki kina uzito kuliko asilimia ya ufaulu, na kikiwa juu mahali ambapo ufaulu uko chini, shule hiyo inastahili kutembelewa. Kisome sambamba na utoro sugu, ambao majimbo mengi huuhesabu kuwa ni kukosa asilimia 10 au zaidi ya siku za masomo.

Ukifika shuleni, mwulize mwalimu mkuu kuhusu kundi linalofanana na mtoto wako: wanasaidiwa vipi, na nani, na kwa saa ngapi kwa wiki. Umwombe pia matokeo ya vipimo vya usomaji vya madarasa ya chini, ambayo mara nyingi shule huwa nayo ingawa hayamo katika taarifa ya jimbo.