SOMO: Injini imekaza baada ya ovahoo, usiivute kwa kamba

Habari za kazi, mafundi na wenye pikipiki. Leo nazungumza na wenye XL125, CG125 na pikipiki nyingine za porini, zile zinazotubebea asali kutoka Sikonge na kuwafikisha mabwana shamba kwa wakulima wa tumbaku Urambo na Kaliua. Injini imefanyiwa ovahoo, yaani imefunguliwa, imewekwa pistoni mpya, imefungwa vizuri, halafu kiki haishuki. Unaikanyaga kwa uzito wote, inashuka kidogo na kugoma.

Ombi langu la kwanza: usiivute kwa kamba, wala usiisukume mteremkoni ikiwa na gia ya pili. Nilifanya hivyo nikiwa kijana gereji hapa Tabora mjini. Ikawaka, ikazunguka kama dakika mbili, ikanoki. Tulipofungua tukakuta washa ya shafti ya gia, niliyoirudisha mahali pasipo pake kwa mikono yangu, imeshakula krenkesi, lile kasha la chini la injini. Washa ya bei ya soda. Mwenye pikipiki alikuwa mzee mfuga nyuki, na msimu wa kurina ulikuwa umeanza. Uso wake ninao mpaka leo.

Kazi hii ni ya kupunguza kimoja kimoja. Unatoa kitu, unazungusha, unausikiliza mkono.

Hatua ya 1: toa plagi. Weka fri, toa plagi, shika nati ya magneti kwa spana, zungusha polepole kufuata mzunguko wa injini. Ikilegea papo hapo, ulikuwa unapambana na kompresheni tu, na hiyo ni habari njema. Ikiruka petroli kwenye tundu la plagi, kabureta imevujia ndani, na petroli haikandamiziki. Rekebisha kabureta, kisha mwaga oili yote na kuweka mpya, maana petroli imeshashukia chini.

Kama bado ni ngumu, sikiliza ni ugumu wa namna gani. Ugumu ulio sawa mzunguko mzima, kama kusonga ugali, mara nyingi ni ringi mpya za pistoni na bloku (silinda) iliyochongwa juzi. Ukizidi mpaka spana fupi inakushinda, hapo kuna kosa. Ugumu unaokuja sehemu moja, na ukiivuka injini inakusukuma mbele yenyewe, ni springi za valvu; hiyo si hitilafu. Ila ikigota na kusimama kama imefika ukutani, acha hapo hapo. Huenda taimingi, yaani mpangilio wa kufunguka kwa valvu, imekosewa na valvu inagusa pistoni, na ukiongeza nguvu unapinda valvu.

Hatua ya 2: toa magneti. Ni rahisi na wengi wanairuka. Boliti ndefu, waya uliobanwa au kipande cha chuma kilichonaswa na sumaku kinatosha kukaza injini nzima.

Hatua ya 3: legeza hedi, kile kifuniko cha juu ya bloku. Rudisha nati nusu mzunguko kwa mpangilio wa msalaba, zungusha tena. Ikilegea, angalia uchafu chini ya gasketi, pini za kuelekeza, na jinsi ulivyokaza mara ya kwanza. Kwenye XL angalia pia kemu (shafti inayosukuma valvu) na cheni ya taimingi. CG haina cheni hiyo, inatumia fimbo za kusukuma valvu, kwa hiyo hakikisha zimekaa kwenye vikombe vyake.

Hatua ya 4: nyanyua bloku. Hapa ndipo makosa mengi yalipo, na hapa ndipo ninapowaomba mafundi tuwe na subira. Krenki (shafti kuu ya injini) ikizunguka kwa vidole viwili baada ya bloku kutoka, tatizo liko mkononi mwako.

Chukua pistoni bila ringi, ipake oili, iingize kwenye bloku safi. Ishuke taratibu kwa uzito wake. Ikihitaji kusukumwa, bloku imechongwa ndogo. Pistoni za ovasaizi, kubwa kuliko ya awali, huja za 0.25, 0.50, 0.75 na milimita 1.00, na bloku hupimwa kwa pistoni iliyo mezani. Usimwambie mchongaji "ya hamsini" ukaondoka. Mpelekee pistoni yenyewe aipime kwa maikromita.

Kisha ringi. Ingiza moja kwenye bloku, isukume kwa kichwa cha pistoni ikae sawa, pima mwanya wa ncha zake kwa fila gechi, vile vibamba vya kupimia mianya. Kwa bloku ya milimita 56.5 kama ya CG125, mwanya kati ya milimita 0.15 na 0.35 ni sawa. Ncha zikigusana, injini ikipata moto ringi itatanuka na kukosa pa kwenda, itaiparua bloku. Ringi ziingie ubavu sahihi, na alama ya IN kwenye pistoni ielekee upande wa kabureta.

Bloku iliyotoka kuchongwa ioshwe kwa maji ya moto, sabuni ya unga na brashi. Petroli peke yake haitoi unga wa jiwe la kuchongea. Futa kwa kitambaa cheupe chenye oili mpaka kitoke cheupe.

Hatua ya 5: krenkesi. Krenki ikiwa bado ngumu bila bloku, legeza boliti za krenkesi moja moja huku ukizungusha. Ikilegea, gasketi ni nyembamba au washa haiko mahali pake. Isipolegea, gonga ncha za krenki kidogo kwa nyundo ya plastiki, huku na huku; mara nyingi ilivutwa upande mmoja wakati wa kufunga na inabana beringi.

Maswali ya wanachama

*Kaliua: Shikamoo fundi. Yangu ikiwa baridi inazunguka vizuri, ikipata moto inakaza na kuzima. Ikipoa inawaka.*

Marahaba. Usiiendeshe tena. Nafasi ya pistoni ni ndogo, au oili haipandi juu, au hewa inavuja kati ya kabureta na hedi na injini inachoma kupita kiasi. Anza na oili, kisha rudi hatua ya 4.

*Nzega: Fundi wangu anataka kupaka dawa ya kusagia valvu ndani ya bloku ili ilegee. Nimruhusu?*

Hapana, ndugu yangu. Unga ule unabaki kwenye ringi na kuendelea kusaga mpaka injini ianze kutoa moshi. Bloku irudi kwa mchongaji.

*Sikonge: Kaka, nimeshatembea kilomita 200 tangu ovahoo. Nimwage oili lini?*

Mwaga leo, dada, uipitishe kwenye kitambaa uone kama ina vipande vya chuma. Mpaka kilomita 500 usifungue mafuta yote, na kwenye mchanga mzito tumia gia ndogo. Safisha na eakilina (chujio la hewa), maana mchanga wetu unapita pembamba.

*Urambo: Mimi nina DT125, haina valvu. Hatua ni hizi hizi?*

Ni hizi, isipokuwa za kemu na fimbo. Ila kila mfereji wa ringi una pini ndogo, na ncha za ringi lazima ziikumbatie. Zikipanda juu ya pini, bloku haiingii, na ukiilazimisha ringi inavunjika. Mshale wa pistoni uangalie ekzosi.